Mkono wa Mama Mkwe

Watu wa Kitale wanapenda taifodi. Nasema hivi kwa hasira, na hasira hiyo nimeishi nayo miaka yote niliyofanya kazi ya maabara. Mtu anafika dirishani ameshika kichwa, hata salamu hajamaliza, anakwambia, "Daktari, niko na malaria na taifodi." Umejuaje? Amepimwa kwa duka la dawa. Ametolewa tone la damu, likachanganywa na tone la dawa ya samawati juu ya kigae cheupe, likatikiswa, likafanya chengachenga kama maziwa yaliyokatika. Basi chengachenga zikionekana una taifodi, na zisipoonekana zitatafutwa mpaka zionekane.

Mimi si daktari, na niliwaambia hivyo kila siku. Niliwaambia pia kwamba kigae kile hakimwoni mdudu. Kinachoona ni damu inayokumbuka vita vya zamani, na damu yetu sisi watu wa huku imepigana na mambo mengi. Ukiwa na malaria kigae kinaweza kusema taifodi. Ukiwa mzima kabisa, uliwahi kuugua ukiwa shule ya msingi, kinaweza kusema taifodi. Ukitaka mdudu mwenyewe, anayeitwa Salmonella, utoe damu au choo, ioteshwe kwenye sahani maalumu, na usubiri siku mbili, tatu au zaidi. Nani ako na hizo siku? Watu walinunua dawa wakaenda zao, nami nikabaki nikinung'unika.

Naeleza haya ili ijulikane kiburi changu kilikuwa cha namna gani, kwa sababu kiburi hicho nusura kiniulie mtoto.

Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Kila shule zikifungwa alikuwa anaenda Bokoli kwa kukhu wake, yaani nyanya yake, mama wa mke wangu. Alirudi kila mara amenenepa, nywele zimesukwa vizuri kuliko tunavyoweza kumsuka sisi, na maneno mapya ya Kibukusu mdomoni. Mama mkwe alikuwa mpishi. Simaanishi kwamba alijua kupika tu, maana nani hajui? Alikuwa yule mama ambaye mtu akifariki Bokoli anatumiwa ujumbe kabla hata mchungaji hajajua. Yeye na wenzake wanane wa kanisani ndio waliopika matangani kote, na kachumbari ya kulisha uwanja mzima aliichanganya yeye mwenyewe kwenye karai, mikono mpaka kwenye kiwiko.

Sasa, kwetu Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Siwezi kumpa mkono. Siwezi kula mbele yake, naye hawezi kula mbele yangu. Tukikutana njiani, mmoja wetu anapinda kando. Jikoni kwake nilikuwa sijawahi kukanyaga. Hata simu, alikuwa akipiga yangu anasema, "Mwambie mama wa mtoto," halafu ananyamaza, nami namwita mke wangu. Wenzangu wa hapa mjini walinicheka, ati ni ushamba. Wacha wacheke. Ile ni heshima, na ina raha yake pia. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa sijawahi kukosana na mama mkwe hata kwa neno moja, na ni wangapi wanaweza kusema hivyo?

Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Lakini baba mkwe alikuwa ameshatangulia, na shemeji yangu, kitinda mimba aliyekuwa akisoma chuo kikuu pale Kibabii, naye alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Boma likabaki bila mwanamume. Basi mama mkwe akaanza kumpa binti yangu ile firigisi. Alimwekea mpaka asubuhi, akaichambua kwa vidole, akamtilia mdomoni kipande kimoja kimoja. Binti alinisimulia mwenyewe kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlangoni, kwa maana alijua ni kitu cha wazee. Nilicheka. Nilifurahi kwamba mwanangu anapendwa hivyo.

Likizo ya Agosti iliisha akarudi, na shule ilikuwa haijamaliza wiki mbili homa ikaanza. Haikuanza kwa kishindo. Ilianza kama uchovu, kichwa, kukataa uji. Nilimpima malaria, sikuona kitu. Nikasema ni baridi ya Kitale, atapona. Lakini kila jioni homa ilipanda kidogo kuliko ya jana, asubuhi ikashuka, na nikimpa dawa ya kutuliza alikuwa anaamka anacheza, nami nikawa nimepata hoja ya kusubiri.

"Si umpime taifodi?" mke wangu aliuliza.

"Mimi? Nipime taifodi kwa kigae?"

"Sijasema kigae. Nimesema umpime."

Nilimpa hotuba. Nilimwambia yeye ni mwalimu, amesoma, asiongee kama watu wa duka la dawa. Siku ya nane akaniambia, kwa utaratibu kabisa, "Basi otesha damu yake." Nikamjibu kwamba vifaa vya kuotesha ni vya wagonjwa, si vya wasiwasi wa mama. Nilisema maneno hayo. Yeye ameshanisamehe, lakini mimi nayasikia mpaka leo nikiwa nanawa mikono kazini, na sijui yatanitoka lini.

Siku ya kumi na saba, saa sita mchana, mtoto alipiga ukelele mmoja akajikunja. Nilipomgusa tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nilijua hapo hapo. Nilimbeba mpaka hospitali ninayofanya kazi, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshapasuliwa. Daktari alitoka akaniambia utumbo ulikuwa umetoboka mahali pawili. Hakuniuliza kama nilikuwa nimempima. Alinijua, akanihurumia.

Mwenzangu wa maabara ndiye aliyeotesha damu na usaha. Baada ya siku kadhaa akaniita, akafungua sahani. Kulikuwa na vijidoa vyekundu, na kila kimoja kilikuwa na nukta nyeusi katikati. Nimewaonyesha wanafunzi picha ya vijidoa hivyo mara nyingi, nikijigamba kwamba huu ndio ushahidi, hapa hakuna kubahatisha. Safari hii nilikaa kwenye stuli nikalia, mwenzangu akatoka akafunga mlango.

Mtoto alipona. Alilala hospitalini wiki nne, akatoka amebaki mifupa, na kovu kutoka kitovuni kwenda chini. Mke wangu alikuwa hanisemeshi sana. Nami nikafanya kile ninachojua kufanya, nikaanza kumtafuta mdudu alikotoka.

Salmonella wako aina nyingi. Wako wa kuku, wa mayai, wa ng'ombe, wale ambao ukila nyama isiyoiva unaharisha siku tatu na mara nyingi inaishia hapo. Huyu wa taifodi ni tofauti. Haishi kwa kuku, haishi kwa ng'ombe, makao yake ni binadamu peke yake. Ukimkuta, ujue ametoka tumboni mwa mtu fulani, akapitia choo, halafu mkono au maji au chakula. Moto humuua, lakini moto hausaidii kama mkono unagusa chakula baada ya kuiva na chakula kinalala mpaka asubuhi. Na kuna watu wachache ambao waliugua zamani wakapona, lakini mdudu hakuondoka. Alijificha kwenye nyongo, hasa nyongo ikiwa na vijiwe, akajijengea hapo. Mtu kama huyo hana homa. Ana nguvu zake, analima, anaimba kanisani. Leo choo chake kina wadudu, kesho hakina. Anaweza kukaa hivyo miaka ishirini bila kujua.

Nilijipima mimi na mke wangu, hatukuwa na kitu. Halafu nikaanza kukumbuka, na kadiri nilivyokumbuka ndivyo nilivyozidi kuogopa. Aprili ile, mtoto aliporudi kutoka Bokoli, alipata homa ya siku chache. Mama mkwe alikuwa akilalamika miaka mingi kuhusu vidonda vya tumbo, lakini maumivu yake yalikuwa chini ya mbavu za kulia, nyongo iliko, na yalimjia akila mafuta. Mke wangu alipokuwa darasa la tano, mama yake aliugua homa ndefu iliyomtoa nywele.

Na shemeji. Alikuja nyumbani kutoka Kibabii kila wikendi kula chakula cha mama. Aliugua homa wiki mbili, tatu, akanunua dawa hapa na pale, halafu siku moja tumbo likavimba likawa gumu, wakamweka kwenye gari kumpeleka hospitali Bungoma, akakata roho kabla hawajafika. Hakuna aliyempima. Siku ile ile aliyozidiwa alikuwa amekunywa chai kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa amezozana nao juu ya mpaka. Basi ikasemwa ni sumu. Mama mkwe aliziba ule upenyo wa ua waliokuwa wakipitia kuombana chumvi, na tangu mazishi hakumsalimia tena jirani yule. Watu wengine pia waliacha kununua mboga kwake. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikienda Bokoli, nilimpita bila kuangalia upande wake.

Nilimweleza mke wangu tukiwa jikoni, mtoto amelala. Hakubisha. Alizima jiko akakaa.

"Lazima tupate choo chake," nikasema. "Mara tatu, siku tofauti."

"Nani atamwambia?"

"Wewe."

"Nimwambie choo chake kinatakiwa na mkwe wake, akiangalie?" Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepotoka. "Huyo mama hata kivuli chako anakikwepa. Afadhali umwambie afe."

Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nikifikiria kikopo hicho mkononi mwangu nilisikia aibu mpaka masikioni. Kwa hivyo nilipitia mlango wa nyuma. Kuna afisa wa afya wa kule Bokoli tuliyesoma naye. Nilimwomba awaambie wapishi wote wa kanisa, wote tisa, kwamba wanaolisha umati lazima wapimwe, jambo ambalo hata sheria inalitaka kwa wanaopika hotelini. Nikamwambia atume vikopo kwetu Kitale, na majina ayaandike kwa namba ili nisijue nani ni nani. Namba ya mama mkwe nilimlazimisha aninong'onezee. Alikataa, halafu akaninong'onezea.

Vikopo vikaja tisa. Nilivitengeneza kwa mikono yangu, na nilipofika kwa namba yake niliomba Mungu anisamehe, nikafanya kazi. Vyote havikuotesha kitu. Lakini nilipokuwa nikiviangalia kwa darubini niliona kwamba vikopo viwili vilikuwa vimetoka kwa mtu mmoja. Rangi ile ile, maganda ya mahindi yale yale, mayai ya minyoo yale yale. Kimoja cha hivyo viwili kilikuwa na namba ya mama mkwe. Nilimpigia afisa, naye akaenda kumuuliza mpishi wa pili, mama wa makamo asiye na neno na mtu.

"Si nilimsaidia tu," alisema, wala hakuona kosa. "Mtu atampelekea mkwe wake choo aje? Harafu atamwangalia na macho gani?"

Kumbe walijua vinakokwenda. Na wale wanane wote waliona ni jambo la busara kabisa, hata walimshauri. Nimekaa na hadithi hii nikaona hakuna mahali pengine duniani kosa hilo lingefanyika kwa moyo safi vile. Hawakuwa wakidanganya serikali. Walikuwa wakilinda heshima yangu.

Nitasema ukweli, kuna sehemu yangu ilifurahi. Karatasi ilikuwa mezani, wapishi tisa, wote safi. Ningeweka sahihi yangu na jambo lingeishia hapo. Mama mkwe angeendelea kuwa mama mkwe, jirani angeendelea kuwa mwuaji, na mimi ningetafuta visingizio vya kumzuia mtoto kwenda Bokoli mpaka awe mkubwa. Nilishika kalamu. Lakini nimewatukana wenye vigae miaka mingi kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Nilitia sahihi namba saba. Mbili niliziandikia zirudiwe.

Desemba ikakaribia. Binti, kovu lake bado jekundu, akaanza kupanga nguo za Bokoli kwenye begi. Nikasema haendi. Alilia siku nzima, na jioni simu yangu ikalia, ikawa ni ile sauti, "Mwambie mama wa mtoto." Nikaipeleka kwa mke wangu. Aliongea nje kwa muda mrefu, akarudi.

"Mama anauliza amekosa nini."

"Mwambie sasa."

"Nimwambie nini? Kwamba ndiye aliyemuua ndugu yangu?"

Nilikuwa sijalitamka hilo mbele yake hata mara moja. Nilidhani nimelificha. Alikuwa amelihesabu mwenyewe kitambo, peke yake, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mtoto. Tulitazamana, na sote wawili tuliogopa. Hatimaye alitoka nje tena akapiga simu. Aliniambia baadaye kwamba alimweleza mambo ya mtoto wetu tu, mdudu, nyongo, vikopo. Ya ndugu yake hakuyataja. Mama alisikiliza mpaka mwisho akakata simu bila kuaga.

Siku tano zikapita. Siku ya sita, Jumanne asubuhi, foleni imefika mpaka mlangoni, niliinua macho nikamwona. Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani kichwani, amesimama akinipa mgongo, uso kwenye ukuta wa matangazo. Watu wa foleni walidhani anasoma. Zamu yake ilipofika alirudi kinyumenyume mpaka dirishani, akatoa kitu kwenye kiondo, akakiweka kwenye ubao wa dirisha bila kugeuka. Kikopo kilikuwa kimefungwa kwa karatasi, kisha kwa kitambaa cheupe, kisha kwa kitambaa kingine.

"Mwambieni mwenye maabara," aliuambia ukuta, "hii ni yangu. Si ya mtu mwingine."

Hakukuwa na mtu wa kuniambia. "Ameambiwa, mama," nikasema.

Kulala kwetu asingeweza, si nyumba ya mama mkwe kulala. Alikaa kwa dada yake, kule Kachibora, akaja tena Jumatano, akaja tena Alhamisi, vile vile, kinyumenyume. Kila nilipokifungua kile kitambaa cheupe niliona kimefuliwa upya na kupigwa pasi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kupokea kitu chochote kilichonilemea namna ile.

Kikopo cha kwanza hakikuotesha kitu. Cha pili pia. Cha tatu kilitoa vijidoa vyekundu, kila kimoja na nukta yake nyeusi. Nilirudia kila kipimo nilichokuwa nacho nikitafuta kosa. Sikupata.

Aliitwa akaja. Alikaa kwenye benchi la nje, nami nikatoka nikasimama nyuma ya benchi hilo, ili sote tuangalie upande mmoja, barabarani.

"Mama, nimempata."

"Ako wapi?"

"Kwa nyongo, naamini. Tutapiga picha. Kuna dawa za mwezi mzima, na kuna operesheni. Anatoka."

"Na kupika?"

"Hapana. Kwa sasa hapana. Hata matangani."

Aliitikia kwa kichwa. Gari la mahindi likapita, tukalisubiri liishe. Nilikuwa nikidhani amemaliza, na nilikuwa nikimshukuru Mungu, ndipo akauliza.

"Na kijana wangu?"

Nilikuwa na jibu langu la miaka yote. "Hakupimwa, mama. Mimi sisemi kitu ambacho hakijapimwa."

"Najua. Naambiwa uko na kichwa ngumu." Hakusema kwa ubaya. "Sasa, hujui, ama hutaki kusema?"

Ningeweza kubaki hapo kwenye "hakupimwa". Ilikuwa kweli. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameniletea choo chake kwa mikono yake, mara tatu, na mimi nilikuwa nikijificha nyuma ya kazi.

"Nadhani ndiyo, mama," nikasema. "Nadhani ni huyo huyo. Hukujua. Hakuna mtu angejua. Mimi niliyesomea nilikaa na mtoto anaungua siku kumi na saba, mama yake ananiambia nimpime, nikakataa."

Hakulia. Alifungua kitambaa cha kichwani, akakikunja magotini, akakifunga tena polepole. Mabega yake yalikuwa madogo kuliko nilivyowahi kuyaona. Nilitaka kumshika bega, na sikuweza, na nilichukia kila kitu kilichonizuia.

"Nilikuwa namlisha na mkono," alisema. "Alikuwa anaumwa, anakataa chakula, namlisha na mkono." Kisha akasema, "Na yule mama wa watu nimemwita mwuaji."

Akainuka akaenda zake, bila kuaga, bila kugeuka.

Yaliyofuata Bokoli nilisimuliwa. Hakungoja dawa wala operesheni. Kesho yake asubuhi alizunguka kwa barabara mpaka kwa jirani, akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa humo mpaka saa saba. Waliyozungumza hayajulikani, hata mke wangu hakuambiwa. Kilichojulikana ni kwamba alasiri ile jirani alitoka na panga, akaja kwenye ua mahali palipozibwa, akaanza kukata miba, na mama mkwe akiwa upande wake akivuta matawi.

Wapishi wenzake nao aliwaambia yeye mwenyewe, kanisani, akiwa amesimama. Mtu angedhani watamkimbia. Walinung'unika wiki moja, halafu wakapanga foleni kwa afisa wa afya na vikopo vyao, vya kweli. Aliondolewa nyongo, ilikuwa imejaa vijiwe. Alikunywa dawa mpaka zikaisha. Nilimpima mwezi baada ya mwezi, kila mara vikopo vitatu, vitambaa vyeupe vile vile, na havikuotesha kitu tena. Nilipotosheka kabisa nilimwandikia cheti, nikatia sahihi bila wasiwasi, nikakituma kwa mkono wa mke wangu. Alikiweka kwenye Biblia. Kupika matangani hakurudi.

Tulimpeleka mtoto Bokoli mwaka uliofuata, likizo ya Aprili, sisi wote watatu. Kuku akachinjwa. Mimi nilikuwa sebuleni peke yangu na sahani yangu, kama inavyotakiwa. Binti alitoka jikoni akaja kukaa karibu nami, uso umenuna.

"Baba, kukhu hanilishi tena. Ananipea na kijiko, halafu anasimama mbali."

"Firigisi?"

"Hata hiyo. Ameiweka tu kwa sahani. Hataki kuigusa."

Cheti nilikuwa nimempa. Lakini ni karatasi, na mkono wake alikuwa ameuogopa kwa namna ambayo karatasi haiwezi kuponya. Nikaweka sahani chini. Nikainuka, nikavuka uwanja, nikafika kwenye mlango wa jikoni ambao sikuwahi kuukanyaga, nikaingia. Mke wangu alikuwa akiosha vyombo, akashtuka mpaka kikombe kikamponyoka. Mama mkwe aligeukia ukuta mara moja.

"Mama," nikasema, "firigisi ni ya nani boma hili?"

Alifunika sufuria.

"Kama hakuna mwenyewe, naomba kipande. Naomba unichambulie kwa mkono."

Nilidhani nimeharibu kila kitu, kwamba atatoka kwa mlango wa nyuma na hatutaonana tena. Halafu akachukua sabuni. Alinawa mikono mpaka kwenye kiwiko, akasuuza, akanawa tena, akasuuza, akanawa mara ya tatu, na maji yalipokwisha mke wangu akamwongezea. Akaichukua ile firigisi, akaichambua kwa vidole, uso bado umegeukia ukuta, akanyoosha mkono nyuma yake. Nikapokea kipande kiganjani, nikala mbele yake, nikatafuna mpaka kikaisha.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, akaja na mdomo wazi. Mama mkwe alishika kipande cha pili, lakini mkono ukasimama njiani. Ndipo akageuka akaniangalia usoni, mara ya kwanza katika miaka yote ile, akingoja niseme kitu. Nikamwitikia kwa kichwa.